Siku Ndinda Alipovaa Viatu vya Mama

Nyinyi vijana mnaofundisha nasari siku hizi mnakuta madarasa yamepambwa tayari. Picha ziko ukutani, mikeka ina rangi, vitu vya kuchezea vimetoka dukani na bado vinanukia nailoni. Mimi siku ya kwanza nilipoingia darasa la Bi. Zarina nilidhani nimekosea mlango nikaingia stoo.

Nawaambia, nilishtuka. Nilikuwa nimetoka Maragoli na cheti changu cha ualimu ndani ya bahasha, sketi nimeipiga pasi mpaka inasimama yenyewe. Chuoni walinifundisha kwamba mtoto mwema hukaa kwenye mstari, mikono kifuani, na kuimba a-e-i-o-u mpaka mwalimu atosheke. Sasa hapa, katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa kule Lavington, nakuta maboksi matupu ya sabuni, vigurudumu vya uzi uliokwisha, vipande vya vitambaa, sufuria isiyo na mkono, miwani isiyo na vioo, mikoba iliyokatika mikanda, na viatu vya watu wazima vimerundikwa kama kwa fundi. Katikati ya takataka hizo, watoto wa wakubwa wa serikali wamepiga magoti, wote wanaongea kwa pamoja. Na mwalimu wao amekaa sakafuni anakunywa chai.

"Karibu," akaniambia. "Kaa hapo. Usifanye kitu."

"Nifundishe nini, Bi. Zarina?"

"Nimesema usifanye kitu. Angalia kwanza."

Bi. Zarina alikuwa Mhindi wa Ngara, mwembamba, mwenye nywele za mvi alizozifunga nyuma. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, na ndugu zake wengi walikuwa wameshahamia ng'ambo. Yeye alibaki na gari lake kuukuu la Volkswagen na nyumba yake ya ghorofa juu ya maduka ya jumla. Kila Jumamosi alizunguka kwa mafundi cherehani na wenye maduka akiomba vitu ambavyo wao walikuwa karibu kuvitupa. Nami nilikuwa nimepanga chumba huko huko Ngara, kwa hiyo Jumatatu alinipitia na gari, nikapanda nikiwa nimekumbatia maboksi mpaka sioni mbele. Watu njiani walidhani tunahama.

Mwezi wa kwanza ule nilikuwa mtu wa kushtuka kila siku. Kuna asubuhi watoto walisimamisha boksi kubwa la friji, wakatoboa upande mmoja, kisha wakaingia ndani wanne, wakanyamaza kimya. Nikangoja. Hakuna anayecheka, hakuna anayesukumana. Nikainama nikachungulia. Wote walikuwa wamesimama wima wakiangalia juu.

"Mnafanya nini humo?" nikauliza.

Mmoja akaninong'oneza, "Tuko kwa lifti, Mwalimu. Watu wa lifti hawaongei."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtoto huyo alikuwa amepelekwa mjini mara moja tu, kwenye ofisi ya baba yake iliyo ghorofa za juu, na alichorudi nacho ni zile sura za watu wazima wanaoogopa kuangaliana. Nani alimfundisha? Hakuna. Angepewa lifti ya plastiki ya kununua angeivunja kabla ya saa ya uji.

Lakini sikujifunza haraka. Siku nyingine nilimwona mvulana anapika ugali wa mchanga, ametangulia kutia unga kabla ya maji. Nikamkamata mkono, nikamwambia, "La, maji kwanza." Akaacha mwiko, akaondoka, na hakupika tena siku hiyo. Bi. Zarina alinitazama juu ya miwani yake.

"Ulikuwa nataka kula hiyo ugali?"

"Hapana."

"Basi kwa nini sumbua mpishi?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Ngara, hakikujali sana ngeli, lakini nilichojifunza kwa Kiswahili kile sijakipata kwenye kitabu. Alinifundisha nisimwulize mtoto, "Umechora nini?" kwa sababu anayeulizwa hivyo anajua kwamba hukuelewa, na ataona haya. Mwambie, "Nipe habari yake," halafu utasikia. Alinikataza kumchorea mtoto nyumba, maana nikishachora ya kwangu, watoto wote watachora ya kwangu mpaka wazeeke. Na jambo kubwa kuliko yote, alinifundisha kwamba ukitaka kuingia katika mchezo wa mtoto, piga hodi kama unavyopiga kwa jirani. Ukiingia na uso wa mwalimu, mchezo unakufa.

Hilo la hodi ndilo ninalotaka kuwaelezea leo.

Kulikuwa na msichana katika darasa letu, Ndinda, wa miaka mitano, mwenye macho makubwa na sauti ndogo. Baba yake, Bwana Mutiso, alikuwa mtu mkubwa katika wizara fulani. Mama yake alifanya kazi benki mjini, na alikuwa miongoni mwa wanawake Waafrika wa kwanza kupewa meza katika ofisi ile. Alikuwa mrembo, anayetembea haraka, na kila asubuhi alimshusha Ndinda mlangoni huku gari linanguruma. Nyumbani walikuwa na mtoto mchanga, Kioko, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua vizuri. Aliyemtunza Kioko mchana alikuwa Nafula, mama mtu mzima wa kutoka upande wa Bungoma. Nilimfahamu kwa sababu ndiye aliyekuja kumchukua Ndinda adhuhuri, na tulizoea kuulizana habari za nyumbani.

Asubuhi hiyo Ndinda aliletwa akiwa amechelewa. Hakutaka uji. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona yetu ya kuigiza, akachagua kutoka kwenye rundo viatu vyeusi vya visigino, akaingiza miguu yake midogo. Akachukua mkoba. Akachukua mwanasesere wetu wa soksi, akamlaza juu ya kitambaa. Mimi nilikuwa kando nikikata karatasi, nusu naangalia, nusu siangalii.

Akatembea ko, ko, ko mpaka kwa mwanasesere. Akafungua mkoba, akatoa kichupa tupu, akamimina hewa ndani ya kijiko.

"Kunywa haraka," akasema. "Mama amechelewa."

Akammiminia. Akamimina tena. Na tena. Kisha akaweka kidole mdomoni. "Usiambie baba."

Mkasi wangu ukasimama.

Mtoto mwingine, Peter, akaja na gari lake la kopo. "Ndinda, mwamshe mtoto tumpeleke safari."

"Haamki," Ndinda akasema.

"Mwamshe tu."

"Nimekwambia haamki. Leo mama amempa mingi kwa sababu alilia sana. Nimemfinya mguu, hakulia hata kidogo."

Wanangu, mwili wote ulinisisimka. Nikainuka nimkimbilie yule mtoto, nimshike mabega, nimwulize: nani, lini, dawa gani? Sketi yangu ikavutwa nyuma. Ilikuwa ni Bi. Zarina. Alikuwa amesikia kila kitu, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini sauti ilikuwa chini.

"Ukiuliza kama polisi, yeye tafunga mdomo," akaninong'oneza. "Piga hodi."

Sijui nilipata wapi utulivu. Nikachukua kitambaa kimoja nikajifunga kichwani, nikagonga boksi.

"Hodi, mama."

Ndinda akageuka. Akanitazama kitambaa, akaamua kunikubali. "Karibu, jirani."

"Asante. Mtoto hajambo?"

"Amelala."

"Una bahati wewe. Wangu analia usiku kucha, sipati usingizi. Wewe unampa nini?"

"Dawa."

"Dawa gani, mama, na mimi nikanunue?"

Akapiga mkoba kwa kiganja. "Hii yangu ya kukohoa. Iko tamu. Inakaa hapa kwa mkoba."

"Na unampa vijiko vingapi?"

Akafikiri. Mtoto wa miaka mitano, amevaa viatu vinavyomzidi, akanijibu kwa ile sauti yake ndogo:

"Mpaka anyamaze."

Nikamwuliza swali moja tu zaidi, kwa sababu nilijua huko mbele litahitajika. "Na yaya wako, yeye anajua dawa hii?"

"Yaya yuko jikoni. Hii ni ya mama peke yake."

"Asante, jirani. Acha nikimbie, nimeacha chungu motoni."

Nilipogeuka, Bi. Zarina alikuwa ameshika funguo za gari. Tulimwachia mpishi wetu wa uji watoto wote, tukatoka mbio. Simu ilikuwa katika ofisi ya kanisa, na ofisi ilikuwa imefungwa. Hata hivyo, nyumba ya Mutiso haikuwa mbali.

Hizo nyumba za Lavington mnazijua, ukuta na lango. Askari wa getini, aliyevaa koti la jeshi lililombana, alitufungulia dirisha dogo tu. "Bwana hayuko. Mama hayuko. Amri ni mtu asiingie."

Bi. Zarina hakubishana naye. Aliegemea honi ya Volkswagen na hakuondoa mkono. Mbwa wa nyumba zote za jirani wakaanza kubweka, mtunza bustani akatupa jembe, na Nafula akatokea akikimbia, mikono imejaa povu la sabuni.

"Mwalimu! Kuna nini? Ndinda ameumia?"

"Ndinda mzima. Kioko yuko wapi?"

"Amelala. Tangu asubuhi, tangu mama yake aondoke. Mtoto mpole huyo, mwalimu, siku hizi analala tu, hata maziwa hataki. Nilimwambia mama, akasema anakua."

Askari aliposikia namna nilivyouliza, alifungua lango mwenyewe.

Kioko alikuwa kwenye kitanda chake cha mbao, amefunikwa vizuri, shavu juu ya mto. Ungempiga picha. Nikamwita. Nikamgusa. Nikamwinua, na kichwa chake kikaanguka nyuma kama kitambaa kilicholowa. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Nikaweka sikio langu puani mwake nikangoja pumzi, nikangoja, nikaanza kufikiri haiji, ndipo ikaja, ndogo kama ya kuku anayekufa.

Nafula alipiga ukemi ambao mpaka leo nikiukumbuka nywele zinanisimama. "Nilipita hapa! Nilipita hapa nikamfunika! Uwi, mama, nilimfunika!"

"Mbebe," nikamwambia. "Twende."

Tulipita Hurlingham kwa mwendo ambao Volkswagen ile haikuwa imeujua tangu itoke kiwandani. Nafula alikaa nyuma akimkumbatia mtoto, mimi nampigapiga nyayo na kumwita jina. Kioko! Kioko! Kila nikimpiga, kope zinatikisika kidogo, kisha zinatulia. Bi. Zarina aliushika usukani mpaka mishipa ya mikono ikasimama.

Pale hospitali kuu, karibu na Upper Hill, muuguzi mmoja alimwona mtoto kwa mbali, akamnyakua mikononi mwa Nafula kabla hatujafika mezani. Wakaingia naye ndani. Baadaye daktari kijana akatoka mbio.

"Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Dawa ya kikohozi ya watu wazima," nikasema. "Nyingi. Tangu asubuhi."

"Dawa ipi? Za kikohozi ni nyingi. Nahitaji kujua kilichomo. Chupa iko wapi?"

Chupa hatukuwa nayo. Ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa benki. Bi. Zarina akakimbilia simu ya hospitali. Benki walisema Bi. Mutiso yuko kwenye mkutano, watamwita. Kule wizarani Bwana Mutiso akapatikana mara moja, na ndiye aliyefika kwanza.

Alikuja na suti ya kijivu, kofia mkononi, jasho linamtiririka. Hakunitazama mimi wala Bi. Zarina. Alikwenda moja kwa moja kwa Nafula aliyekuwa amekaa kwenye benchi, aproni bado imeloa.

"Wewe mwanamke, umempa mtoto wangu nini?"

Nafula akasimama.

"Nakuuliza! Umempa nini ili alale, wewe upate kupumzika?"

"Baba Ndinda, maziwa tu. Nilimpa maziwa tu, na hata hayo alikataa. Haki ya Mungu."

"Mungu utamweleza huko stesheni." Kulikuwa na polisi pale mlangoni aliyeleta majeruhi wa ajali. Bwana Mutiso akamwita kwa kidole. "Afande, kuja hapa. Shika huyu. Amemnywesha mtoto wangu sumu."

Polisi yule, bila kuuliza zaidi, alimshika Nafula mkono. Naye Nafula hakujitetea. Hilo ndilo lililonishtua kuliko kelele za baba. Alinyoosha mkono kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo tangu alipoanza kazi kwenye nyumba za watu.

Nilikuwa mwalimu mdogo wa nasari, na mbele yangu alisimama mtu ambaye neno lake moja lingefunga shule yetu. Lakini nilisema.

"Bwana Mutiso, si Nafula."

"Na wewe umejuaje?"

"Ndinda alicheza leo asubuhi."

"Alifanya nini?"

"Alicheza. Alimpa mwanasesere dawa. Alituonyesha kila kitu."

Alinitazama kana kwamba nimepandwa na wazimu. "Mwanangu anakufa humo ndani, na wewe mwalimu mzima unaniletea habari ya mchezo?"

"Bwana," Bi. Zarina akasema, "sikiliza yeye."

Hapo ndipo nilipokwama. Nitatamkaje neno *mama* mbele ya mume wa mtu, mbele ya polisi, mbele ya watu wote waliojaa kwenye benchi zile? Nikasema nilichokiona tu. "Ndinda alipokuwa akimpa dawa, alikuwa amevaa viatu virefu vya visigino. Alitoa chupa kwenye mkoba. Alisema amechelewa. Na alisema, usiambie baba."

Nikaona macho ya Bwana Mutiso yanashuka polepole mpaka miguuni mwa Nafula. Nafula alikuwa amevaa patipati za mpira, moja ya bluu na moja ya kijani.

Halafu tukasikia viatu ukumbini. Ko, ko, ko, ko, mbio. Bi. Mutiso alitokea kwenye kona, mkoba kwapani, na alipomwona polisi ameshika mkono wa Nafula alisimama ghafla kama aliyegonga kioo.

Angeweza kunyamaza. Nataka mlifikirie hilo. Polisi yuko, mshtakiwa yuko, mume ameshahukumu. Angeingia ndani kulia kama mama yeyote, na Nafula angelala rumande. Nilimwona akimtazama Nafula, kisha akimtazama mumewe, na uso wake ukavunjika.

"Mwacheni huyo mama," akasema. "Ni mimi."

"Ndani ya nyumba yangu?" Bwana Mutiso akasema. Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu asiyejua yuko wapi.

"Ni mimi. Alikuwa haachi kulia, meno yanamtoka, usiku halali, asubuhi ananing'ang'ania shingoni. Bosi alishanionya kwa kuchelewa. Rafiki yangu kazini aliniambia kijiko kimoja tu hakina neno. Nikampa kimoja, akalala. Kisha kimoja kikawa hakimtoshi." Alikuwa ameshafungua mkoba huku akisema, kioo na kitana vinaanguka sakafuni. Akatoa chupa. "Sista, ni hii. Ni hii, chukua. Mkimbizie daktari!"

Muuguzi aliinyakua na kukimbia nayo.

Bi. Mutiso akakaa sakafuni, pale pale alipokuwa. Hakuna aliyemwinua. Kisha Nafula, ambaye polisi alikuwa ameshamwachia, akavua aproni yake iliyoloa, akaikunja, akaiweka nyuma ya kichwa cha yule mama aliyekuwa ameegemea ukuta, akakaa kando yake. Mpaka leo sijui kama mimi ningeweza.

Tulingoja. Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa madirisha tuliposikia kilio kutoka ndani. Kwanza cha kukwaruza, kama mlango wenye kutu, halafu kikapanda, kikawa kilio kamili cha mtoto mwenye hasira na njaa. Sijasikia wimbo wa kanisa ulionifurahisha hivyo. Daktari kijana alitoka akiwa amelowa jasho, akasema atakuwa mzima, ila tungechelewa kidogo asingetuambia hivyo. Bwana Mutiso alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Akasimama mbele ya Nafula. Akatoa leso yake nyeupe mfukoni akampa. Nafula akajifutia povu lililokuwa limekauka mikononi.

Alikaa nao mpaka Kioko akapona kabisa. "Mtoto hana kosa, mwalimu," aliniambia. Kisha akaomba ruhusa, akarudi kwa watoto wake, na hawakuweza kumbembeleza abaki.

Sasa sikieni lililofuata, kwa sababu mnaweza kudhani tulipongezwa. Habari zilienea Lavington nzima, na wazazi wakaanza kutuogopa! Baba mmoja, mkubwa wa kampuni, alinivuta kando mlangoni, akatazama kushoto na kulia, akaninong'oneza, "Mwalimu, wangu ameigiza nini?" Mama mmoja alimhamisha mwanawe wiki hiyo hiyo. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuja na wenzake kutuambia kona ya kuigiza ifungwe, kwamba watoto wafundishwe kusoma, si kupeleleza nyumba za watu.

"Viatu naweza fungia kabatini," Bi. Zarina akamjibu. "Watoto utafungia wapi?"

Mwenyekiti akajikohoza ajibu. Nyuma yake, binti yake mwenyewe alikuwa amevaa miwani isiyo na vioo, amesimama juu ya boksi la sabuni, anapiga meza ya kuwaziwa kwa ngumi. "Agenda namba mbili!" akapaza sauti. "Msinipotezee wakati!" Wanakamati wote wakaangalia viatu vyao wakijizuia kucheka. Kona haikufungwa.

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na nimeona mengi yakibadilika, kuanzia vitabu hadi vyeti na wakaguzi. Watu huniuliza kama kumwachia mtoto abuni mambo yake si kupoteza wakati. Nawajibu kwamba mtoto anayebuni hasemi uwongo. Anachukua alichokiona, akakivaa, akakitembeza ili akielewe. Mara nyingi atakuchekesha. Mara nyingine utatamani usingeona. Kazi yako ni kumpa viatu na boksi, kisha usizibe macho. Na usidhani kwamba kila mchezo ni ushahidi wa jambo, utageuka mpelelezi na watoto watakunusa. Siku tisini na tisa kati ya mia, ugali wa mchanga ni ugali wa mchanga tu.

Bi. Mutiso hakuonekana shuleni kwa muda mrefu. Ndinda aliletwa na baba yake. Alikuja kila siku, alichora, alijenga, alikula uji wake, lakini kwenye kona ile hakukanyaga. Hatukumlazimisha.

Kisha asubuhi moja mama yake akaja. Hakuwa na haraka, na gari hakuliacha likinguruma. Alisimama mlangoni akaniuliza kama anaweza kukaa kidogo. Nikamwonyesha kiti cha mtoto, akakaa, magoti yakimfika kidevuni. Ndinda alimtazama muda mrefu kutoka upande wa pili wa darasa. Mwishowe akaja, akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye kona.

"Wewe uwe mtoto," akamwambia. "Lala hapa."

Mwanamke wa benki, mwenye suti yake, alijilaza kwenye mkeka wetu uliochakaa, akafumba macho. Ndinda akamfunika kitambaa. Akampikia, akakoroga, akaonja, akapuliza. Kisha akapiga magoti karibu na uso wa mama yake, na nikaona mabega yake madogo yakikaza.

"Kioko," akasema polepole. "Amka."

Na kabla hajamaliza kulitamka neno hilo, mama yake alikuwa ameshafumbua macho.